Faini ya Mwendo Imwangukie Nani?

Wakenya wenye umri wa kutosha wanaukumbuka mwezi wa Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Tangazo la Kisheria Nambari 161 la 2003 lilidai kwa magari ya abiria mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida: kidhibiti mwendo kisichoruhusu gari kupita kilomita 80 kwa saa, mkanda kwenye kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na kondakta, abiria 14 katika matatu zilizozoea kubeba 18 na zaidi. Malori makubwa nayo yalitakiwa kufungwa kidhibiti hicho hicho. Siku za kwanza magari mengi yalikaa nyumbani, nauli zikapanda, watu wakaenda kazini kwa miguu. Kisha, kwa kipindi fulani, barabara zikatulia kweli. Utulivu ule naukumbuka kuliko zogo lililoutangulia, na nimeendelea kujiuliza ulitoka wapi, kwa kuwa anayejua ulikotoka atajua pia sheria ya mwendo wa magari ya biashara inafaa kumbana nani.

Kabla ya hapo, kosa la kwenda kasi lilikuwa baina ya dereva na askari. Matatu zilikua haraka baada ya mwaka wa 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na ni mwaka wa 1984 tu ndipo sheria ilipozitambua rasmi na kuzitaka zikaguliwe. Sheria ya Trafiki yenyewe, Sura ya 403, iliandikwa enzi ya ukoloni kwa kufuata mtindo wa Uingereza, na ilikataa mtu ahukumiwe kwa maoni ya shahidi mmoja tu kwamba gari lilikuwa likienda mbio. Ulinzi huo ulikuwa wa haki. Lakini pale ambapo vifaa vya kupimia mwendo vilikuwa haba, mambo mengi yalimalizwa kando ya barabara, na dereva akaondoka akiwa amepoteza pesa na muda. Vyote viwili alipaswa kuvifidia kabla ya jioni, na njia ya kuvifidia ilikuwa moja tu: kukanyaga mafuta zaidi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Dereva wa matatu, kwa kawaida, hana mshahara. Kila jioni humpelekea mwenye gari hesabu waliyokubaliana, akishatoa ya mafuta, na kinachobaki hugawana na kondakta wake. Kila safari ya ziada ni chakula cha nyumbani, na kila dakika ya kungoja kituoni inamkata mfukoni. Dereva wa lori naye hupewa siku ya kufika na shehena, huku foleni za mizani na mpakani zikiila siku hiyo. Kwa hiyo mwendo wa kasi huamuliwa kabla gari halijawashwa, na anayeuamua mara nyingi hayumo ndani ya gari. Kanuni za 2004 zilifaulu, kwa maoni yangu, kwa sababu zilidai gari lenyewe liwe limetimiza masharti ndipo liingie barabarani. Gari lililozuiliwa haliingizi kitu, na hasara hiyo humfikia mwenye gari siku hiyo hiyo. Ukaguzi ulipolegea, na Michuki akiwa amehamishiwa wizara nyingine, vidhibiti vikachezewa nyaya vikawa pambo. Kufikia Novemba 2018 ilibidi serikali itangaze msako mpya kutekeleza kanuni zile zile.

Watu wengi hujibu kwamba mguu ulio juu ya mafuta ni wa dereva, mtu mzima mwenye leseni na akili timamu. Ni kweli, wala sisemi aachiliwe. Gari likitoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu yake ya kugonga haiongezeki kwa robo bali kwa zaidi ya nusu, maana nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Anayefanya hivyo akiwa na abiria kadhaa nyuma yake, kwenye barabara ya njia mbili kama ile ya Nakuru kwenda Eldoret, anabeba dhamana nzito, na katika nchi ambayo imekuwa ikizika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali tangu 2021, huruma kwa dereva haiwezi kuwa sera. Lakini adhabu inayomwishia yeye peke yake humwondoa mtu mmoja na kumwacha mwenye gari amwajiri mwingine asubuhi, kwa hesabu ile ile.

Wengine husema dawa ni kupandisha faini. Tumejaribu. Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2012 yaliongeza adhabu za makosa mengi ya barabarani, na faini ya juu ya kwenda kasi leo ni shilingi 100,000. Faini ya kiasi hicho, mbele ya mtu anayeishi kwa kipato cha siku, haimtii hofu ya sheria kadiri inavyompa sababu ya kuelewana na askari kwa pesa kidogo. Pengo kati ya faini na hongo likipanuka, hongo huonekana nafuu. Ndiyo maana nilizipenda Kanuni za Makosa Madogo za 2016, ambazo zilipanga adhabu kwa ngazi: anayezidisha kwa kilomita 1 hadi 5 huonywa, 6 hadi 10 hulipa shilingi 500, 11 hadi 15 hulipa 3,000, na 16 hadi 20 hulipa 10,000. Kukosa kidhibiti katika gari la abiria au la biashara kuliwekewa 10,000. Kiasi kinachojulikana mapema hakina nafasi ya mapatano. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, nalo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa wazo lilikuwa sahihi.

Pingamizi linalonipa shida ni lile la wanachama wa chama cha uchukuzi. Tangu kanuni za 2014 zilipodai kila matatu iwe chini ya sacco, yaani chama cha ushirika, au kampuni, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, imekuwa na uwezo wa kusimamisha sacco nzima kwa kosa la gari moja. Mwenye gari aliyetii huuliza kosa lake liko wapi, na swali lake ni la haki. Hata hivyo sacco ndiyo inayopanga zamu, ndiyo inayojua dereva gani amelalamikiwa mara ngapi, na ndiyo inayoweza kumzuia kabla hajaua. Kusimamishwa kuwe hatua ya mwisho, baada ya sacco kuonywa kwa maandishi na kupuuza. Abiria nao wamethibitisha kwamba shinikizo la ndani ya gari linafanya kazi. Utafiti wa James Habyarimana na William Jack, wa Chuo Kikuu cha Georgetown, ulibandika ndani ya matatu vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya, na madai ya bima ya magari hayo yakapungua kwa nusu au zaidi. Kampeni ya usalama barabarani ya Zusha! ilitokana na kazi hiyo. Dereva aliyekemewa na abiria wake ana la kumwambia mwenye gari jioni, hesabu ikipungua.

Sheria haikumsahau mwenye gari. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki kinasema kwamba mwajiri akitoa ratiba au maagizo ambayo hayawezekani kutimizwa bila kuvunja kikomo cha mwendo, ratiba hiyo inaweza kuletwa mahakamani kama ushahidi kwamba alimchochea dereva kutenda kosa. Ugumu wake ni kwamba makubaliano ya hesabu husemwa kwa mdomo. Lakini vidhibiti vya sasa vinarekodi mwendo, na rekodi ya lori lililotoka Mombasa jioni likafika Malaba mapema mno inasema mengi kuhusu agizo lililotolewa. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya usafiri wa ardhini, LATRA, inafuatilia mabasi ya masafa marefu kwa mfumo wa kielektroniki, VTS. Mwendesha mashtaka wa Kenya anaweza kuomba rekodi za gari moja za miezi mitatu, akaangalia madereva tofauti walioliendesha, na akiona wote walikimbia kwa namna ile ile, amwite mwenye gari kizimbani pamoja nao.