Mbuzi wa Kecskemét

Wiki yangu ya kwanza Kecskemét nilicheka peke yangu barabarani. Nilikuwa nimesimama chini ya bendera yenye nembo ya mji: ngao nyekundu, vilima vitatu vya kijani, na juu yake mbuzi mweupe aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kama wale wa kwetu wanaponyemelea majani ya mgunga. Kule Mbooni ukimwita mtu mbuzi, jiandae kwa ugomvi. Hapa mji mzima umejiita hivyo kwa fahari. Kecske ni mbuzi, na wenyeji hueleza kwamba sehemu iliyobaki ya jina ni mwendo, au njia. Nilikuwa nimekuja kusomea uzamili Njia ya Mbuzi.

Nilimpigia babu simu papo hapo, maana yeye ndiye aliyelipa nauli. Ufadhili wangu uligharamia karo na malazi, lakini tiketi ya ndege ilikuwa juu yangu. Babu aliswaga mbuzi tisa hadi sokoni, akabaki na wawili.

Nilipomweleza kuhusu nembo, alinyamaza kidogo. "Ni beberu au jike?"

"Ana ndevu, babu."

"Jike naye huwa na ndevu. Wewe umechunga mbuzi miaka yote hiyo hujui? Kaangalie vizuri."

Nikaahidi kuangalia. Kisha nikamwambia jambo lililonishangaza zaidi: mji huu hauna hata kilima kimoja. Uko katika tambarare ya mchanga kati ya mito Danube na Tisza, ardhi ya mizabibu na miaprikoti, na ukiendesha baiskeli unaweza kusahau kwamba gia zipo. Vilima vitatu vimo pia katika nembo ya taifa la Hungaria, kwa hiyo nadhani mbuzi amekopeshwa. Babu alisema ndiyo sababu amesimama kwa miguu miwili. Hajapata mahali pa kupanda.

Babu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu. Hakuwahi kugusa piano. Alisoma nyimbo kwa sol-fa, zile herufi za do, re, mi zilizoletwa na wamishonari, na mimi nilizijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kecskemét ndiko alikozaliwa Zoltán Kodály mwaka 1882, katika jengo ambalo leo ni stesheni ya treni, kwa kuwa baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Taasisi yenye jina lake iko katika iliyokuwa nyumba ya watawa Wafransisko. Humo tunajifunza kufundisha muziki kwa sauti ya mwanadamu kwanza, ala baadaye, tukionyesha noti kwa mkono: do ni ngumi usawa wa tumbo, mi ni kiganja kilicholala, na mkono huzidi kupanda hadi do ya juu, karibu na paji la uso. Ishara hizo zilitoka Uingereza, katika ukoo uleule wa sol-fa ya babu. Nilikuwa nimevuka bara zima kufuata somo aliloanza kunifundisha aliyeuza mbuzi ili nivuke.

Chini ya mbuzi wa nembo huandikwa kaulimbiu ya mji: kimo hakinitishi, wala kina. Maneno yenyewe yametokana na sura ya nane ya Waraka kwa Warumi.

Februari babu alifariki. Pesa za kwenda na kurudi sikuwa nazo, na mbuzi wawili waliobaki walichinjiwa waombolezaji. Nilifuata mazishi kwenye simu ya binamu yangu, picha ikiganda kila mara alipogeukia kaburi. Mchungaji alisoma Warumi nane. Nilipoisikia ile aya kwa Kikamba ndipo nilipogundua kwamba mji umeipunguza. Paulo hasemi kwamba haogopi. Anasema hakuna kimo wala kina kitakachotutenga na upendo wa Mungu. Kutotishwa ni jambo moja, kutotengwa ni jingine. Mimi nilikuwa nimetishika vibaya sana, na sikuona aibu.

Jumatatu iliyofuata, darasani, sauti ilikataa kutoka. Mkono ukaendelea: do, re, mi, so. Wenzangu wakaimba nilichoonyesha. Mwalimu aliniacha nimalize wimbo mzima hivyo, bila kusema neno.

Jioni nilipita mbele ya jumba la mji, lile la miaka ya 1890. Hapo kuna jiwe lililopasuka vipande viwili, mahali alipoanguka mwandishi wa tamthilia József Katona, akafa kwa moyo tarehe 16 Aprili 1830 akiwa na miaka 38. Watalii hulipiga picha haraka na kuondoka. Nilikaa karibu nalo hadi kengele za jumba zikapiga muziki wa saa, nikainua macho kumtazama mbuzi.

Bado sijajua kama ni beberu au jike. Ningeweza kumuuliza mtu yeyote hapa. Sijauliza.