Maua ya Mpungate Katika Nchi ya Ugogo

Ukifika Dodoma mwezi wa Septemba utapokewa kwanza na vumbi. Mibuyu imesimama mitupu, na upepo hauna adabu. Mji huu uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, ambayo kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine mwenye bustani huishi kwa ndoo. Tangu ilipoamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu ya Serikali yahamie hapa, wengi wamekuja na miche yao ya waridi kutoka pwani, na ifikapo Agosti wamebaki na vijiti.

Mpungate hauombi ndoo. Asili yake ni bara la Amerika. Yale tuyaitayo majani yake ni shina bapa lililojaa maji, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, hewa ikiwa imepoa, hivyo jua halipati nafasi ya kuunyang'anya maji. Maua yake, ya manjano, chungwa, waridi au mekundu, hudumu siku moja, pengine mbili. Ziguse stameni kwa ncha ya kidole nazo zitajikunja taratibu kuelekea katikati. Mwonyeshe mtoto; hatakuacha upumzike siku hiyo.

Wapenzi wa maua hawakutosheka na rangi za asili. Huchukua chavua ya aina moja kwa brashi laini, huipaka kwenye ua la aina nyingine, kisha hulifunika kwa kitambaa chepesi ili nyuki wasivuruge kazi. Mbegu zake hutoa machotara wa rangi mbalimbali, ingawa miaka kadhaa hupita kabla ya ua la kwanza. Ukiipata rangi uipendayo, achana na mbegu: kata kipande cha shina, kiache kivulini wiki moja au mbili hadi kidonda kikauke, kisimike kwenye mchanga wenye changarawe, na usikimwagilie mpaka kishike mizizi. Vingi hufa kwa kuhurumiwa.

Hapa sina budi kukutahadharisha. Laikipia, nchini Kenya, mipungate iliyoletwa zama za ukoloni kuwa ua na pambo ilitoroka bustanini. Nyani, tembo na ndege walikula matunda na kutawanya mbegu, na malisho mengi yakamezwa. Mifugo ilayo matunda hayo huchomwa na vijiba vyembamba mithili ya manyoya, vinavyokwama mdomoni na tumboni, wengine hupofuka. Na Ugogo ni nchi ya ng'ombe na mbuzi.

Mtaani Nkuhungu nilimkuta mama mmoja mwenye mipungate mitatu barazani, ndani ya madebe yaliyotobolewa chini. Kila ua likinyauka hulikata pamoja na kitunda chake kichanga na kukitia motoni. Hata kipande kilichoanguka hakitupi jalalani, kwa kuwa kitaota. Nilimwuliza kwa nini hakuipanda uani kama watu wapandavyo minyaa. Akanionyesha kwa kidevu kundi la mbuzi ng'ambo ya barabara.

"Wale si wangu, mwanangu," alisema, "lakini wakiumia, wa kulaumiwa ni mimi."

Nilimwomba kipande. Alinifungia kimoja kwenye gazeti, lakini kwanza aliniuliza kama jirani yangu anafuga.