Samatta, Bocco, Kagere au Mayele? Swali la Kijiweni Lililomgeukia Straika wa Morotonga

Ukitaka kuona vijana wa Morotonga wanagombana bila kurushiana ngumi, nenda pale wanapoegesha pikipiki, tupia swali moja tu: kati ya Samatta, Bocco, Kagere na Mayele, nani mkali zaidi? Abiria anaweza kusimama na gunia lake kichwani dakika kumi nzima, hakuna anayemuona.

Kwa wasiopajua, Morotonga ni kata iliyoko upande wa Mugumu, Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Watalii wanapita na magari yao kwenda kutazama nyumbu, vijana wanabaki na bodaboda, mashamba na mpira. Zikianza ndondo, mshindi anaondoka na mbuzi, na siku wadhamini wakichangamka anaondoka na ng'ombe kabisa.

Kijiweni hapo kuna dogo mmoja, jina kapuni, miaka 22. Mchana anaendesha boda, jioni anavaa jezi namba 9 ya timu ya mtaa. Yeye ndiye kiongozi wa kambi ya Samatta. Mpinzani wake mkubwa ni fundi simu mwenye kibanda jirani, jamaa ambaye takwimu za Ligi Kuu anazo kichwani kama namba za vocha. Huyo ni Bocco damu.

Sasa sikiliza hoja zao, maana si za kitoto.

Dogo anaanza: "Mbwana Samatta alicheza Simba msimu mmoja tu, TP Mazembe wakambeba 2011. Akakaa Lubumbashi karibu miaka mitano. 2015 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, na CAF wakamtangaza mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Januari 2016 akaenda Genk, Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 akatupia mabao 23 ya ligi na ubingwa juu. 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na Machi mosi akaifunga Manchester City fainali ya Kombe la Ligi, Wembley. Mura, unabishana na Wembley?"

Fundi simu hacheki. "Haya, niambie Samatta amekuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu Bara mara ngapi?"

Kimya. Maana jibu ni sifuri. Aliondoka mapema mno.

"John Bocco alipanda daraja na Azam 2008," fundi anaendelea, bisibisi mkononi. "2011/12 akawa mfungaji bora kwa mabao 19. 2013/14 Azam wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. 2017 akaenda Simba, ubingwa mara nne mfululizo. Halafu 2020/21, watu wameshamuita mzee, akachukua tena ufungaji bora kwa mabao 16. Miaka tisa kati ya kiatu cha kwanza na cha pili! Nani mwingine?"

Hapo anadakia jamaa wa tatu, shabiki wa Meddie Kagere. Na yeye ana lake: Kagere alifika Simba 2018 akiwa ameshavuka miaka 30, umri ambao washambuliaji wengi wanaanza kufikiria kufungua duka. Msimu wa kwanza mabao 23, wa pili 22. Jumla 45 ndani ya misimu miwili, huku kaziba jicho moja anashangilia.

Wa Yanga nao hawakai kimya. Fiston Mayele alikaa nchini misimu miwili tu, lakini mtoto gani hakutetema? 2022/23 alimaliza na mabao 17 sawa na Ntibazonkiza, na akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7. Yanga walilikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini tu dhidi ya USM Alger. Mwaka 2025 akiwa Pyramids ya Misri akafunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa na kubeba ndoo yenyewe.

Na kila mara kuna mzee mmoja anayepita na baiskeli yake, anasimama, anawamaliza wote: "Mohamed Hussein Mmachinga, 1999, mabao 26. Hao wenu nani amefika?" Kisha anaondoka zake. Hakuna anayemjibu, kwa sababu hakuna wa kumtaja.

Mpaka hapo ni stori za kila kijiwe. Kumbe mwaka huu kwa dogo hazikuwa stori.

Alikuwa amepigiwa simu. Timu moja ya daraja la chini, Mwanza, ilimuona kwenye ndondo ikamtaka akasajiliwe kwa msimu mmoja. Chakula kipo, kitanda kipo. Mshahara? "Tutaangalia huko mbele." Wiki nzima hakumwambia mtu. Alikuwa anabishana kuhusu Samatta, kumbe anajibishana mwenyewe.

Maana boda si yake, ni ya baba yake mdogo. Hesabu ni Sh7,000 kila siku, inayobaki ndiyo inanunua unga nyumbani kwa mama yake na madaftari ya wadogo zake wawili. Akienda Mwanza funguo anarudisha.

Zamani kidogo asingelazimika kuwaza mbali hivyo. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu 2018, kijana wa Mara akawa na timu kubwa ya kuilenga ndani ya mkoa wake. 2021 walicheza Kombe la Shirikisho, wakawachapa Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 jijini Dar, halafu wakashindwa kusafiri kwenda kurudiana. Wakatolewa hivyo hivyo, bila kupigwa. Msimu ule ule wakashuka daraja. Ngazi ikaondolewa ukutani, na waliokuwa chini yake wakabaki wanaangalia juu.

Siku dogo alipofunguka, ubishi ulibadilika ladha. Fundi simu, yule yule wa Bocco, alimwambia ukweli wake: "Bocco alikaa sehemu moja, akajengwa. Wewe kaa hapa, tafuta boda yako mwenyewe, mpira utakukuta." Dogo akajibu kwamba Samatta angekaa asingeiona Wembley. Wa Kagere akasema kwani haraka ya nini, mtu anaweza kuwaka baada ya 30. Mwingine akamkumbusha George Mpole: 2021/22 Geita Gold ndiyo kwanza wamepanda, timu ya Kanda ya Ziwa hii hii, na jamaa akafunga 17, Mayele akabaki na 16. Kwa hiyo na timu ndogo inawezekana.

Kila mtu alikuwa na straika wake wa kumshauri nao.

Aliyevunja ubishi ni dada anayeuza chai na chapati pembeni. Mpira haufuatilii kihivyo. Aliuliza kitu kimoja: "Hao wote mnaowataja, wakati hawajafunga bado, nani alikuwa anawalisha?"

Kijiwe kilipoa.

Ukiwaza vizuri, yule dada alishika penyewe. Bocco alikuwa na klabu yenye uwezo iliyomvumilia miaka yote ile. Samatta alifika Mazembe kinda, na pale Lubumbashi kulikuwa na tajiri na uwanja wake. Kagere na Mayele walikuja kwenye vilabu vikubwa vya Dar vikiwa tayari kuwalipa. Watu wanalinganisha mabao 19, 23, 17, 26 kama vile wote walianzia mstari mmoja. Bao linahesabika. Miezi ile ya kukaa benchi, au na goti bovu, huku kuna mtu anakulipia kodi na ugali, hakuna anayeihesabu. Na hapo ndipo mastraika wengi wa ndondo wanapoishia. Miguu wanayo, wa kuwabeba mpaka bao la kwanza hana mtu.

Basi dogo alifanya jambo ambalo halipo kwenye takwimu za fundi simu. Alienda kwa baba yake mdogo, akakaa chini kwa adabu, akaeleza kila kitu. Mdogo wake anayemfuata, aliyemaliza kidato cha nne, ana leseni. Akaomba dogo huyo ashike boda kwa msimu mmoja tu, hesabu ile ile Sh7,000, siku ikipungua deni ni lake yeye. Baba mdogo alinyamaza muda mrefu, akauliza: "Msimu unaisha lini?" Akaambiwa. Akasema sawa, lakini msimu ukiisha bila kitu, "unarudi, hatuongei tena habari za mpira."

Fundi simu, mtu wa Bocco, ndiye aliyemnunulia viatu. Vya mtumba, lakini meno yote yapo.

Taarifa za mwisho kutoka Mwanza: mechi nne, tatu kaingia kipindi cha pili, bao bado. Nyumbani hesabu inaenda, ingawa kuna siku mdogo mtu anakopa ili itimie.

Haya mdau, ungekuwa wewe ndiye baba mdogo mwenye boda, ungempa msimu mmoja? Na ungekuwa dogo, ungefuata njia ya Samatta au ya Bocco? Shusha comment, na usimsahau mzee wa baiskeli: 26 bado zipo pale pale.