Je, Neno Lisilopimika Lafaa Kujadiliwa?

Wako watu wenye elimu wasemao ya kuwa neno lisiloweza kuthibitishwa kwa majaribio halistahili kujadiliwa. Wakiulizwa habari za mbolea hujibu upesi. Wakiulizwa habari za haki hucheka, na kusema kwamba hayo ni mazungumzo ya barazani tu, yasiyo na mwisho.

Watu hao wanayo sababu. Mwaka 1843, huko Rothamsted katika Uingereza, John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianza kuligawa vipande shamba la ngano liitwalo Broadbalk. Kipande kimoja hakikutiwa mbolea yo yote, kingine kilitiwa samadi, na vingine mbolea za chumvichumvi kwa vipimo mbalimbali. Hata leo ngano hupandwa hapo na mavuno hupimwa. Basi mkulima abishanaye na jirani yake kama mbolea ya chumvichumvi yashinda samadi hana haja ya kupaza sauti. Na agawe shamba, avune, aweke mizani. Ubishi wa namna hiyo umekula siku nyingi za watu wazima ambao palizi ilikuwa ikiwangoja.

Lakini ni nani ajuaye mapema lipi litapimika na lipi halitapimika? Auguste Comte, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyeusifu sana ujuzi wa majaribio, aliandika mwaka 1835 ya kwamba wanadamu hawatajua kamwe nyota zimefanyizwa kwa vitu gani. Akafa mwaka 1857. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, mjini Heidelberg, walionyesha kuwa mwanga ukitawanywa, rangi zake hutambulisha vitu vilivyomo katika moto uutoao. Na jua nalo likasomwa vivyo hivyo. Mwaka 1868 ikaonekana katika mwanga wa jua alama ya kitu kisichojulikana. Kikaitwa heliamu, na William Ramsay akakipata hapa duniani mwaka 1895.

Tena kanuni yenyewe, kwamba lisilojaribika lisijadiliwe, haina jaribio la kuithibitisha. Aishikaye hana budi kuitetea kwa maneno, sawa na wazee wa barazani anaowacheka.

Liko na jambo zito zaidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba, huku Waingereza wakitisha kuzuia bandari zake kwa manowari. Bei ya mtu ilijulikana, na faida ya mikarafuu iliweza kuandikwa katika daftari, wala daftari lisingesema uongo. Bali swali kama mtu aweza kuwa mali ya mtu mwenziwe halikuwa na mizani. Lilijadiliwa miaka mingi, kwa hoja na majibu, kabla sheria haijageuka. Na hata sheria ilikwenda polepole. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Fidia ikatolewa, nao waliolipwa ni mabwana. Makarani waliweza kuihesabu fedha hiyo pasipo kukosea. Kama ilistahili kwenda kwa mabwana au kwa watumwa waliolima miaka yote bila ujira, hilo halikuwamo katika hesabu zao.