Baba Ameanza Mafundisho



Ndugu msomaji, katika parokia zetu nyingi neno "mafundisho" linatukumbusha watoto. Tunawaona kwenye mabenchi ya mbele wakikariri Amri za Mungu kwa sauti moja, na mwalimu katekista amesimama mbele yao na kijitabu chake. Mtu mzima anayeanza safari hiyo si rahisi kumwona. Mara nyingi anakuja amechelewa makusudi, anakaa benchi la nyuma, na akiulizwa jambo anajibu kwa sauti ya chini. Makala hii inamhusu mtu mmoja wa namna hiyo. Ni baba yangu mzazi, ana miaka 57, naye ameanza mafundisho ya ukatekumeni katika kigango chetu cha Nyamahanga. Ameniruhusu niandike kwa sharti moja, nisije nikasema kwamba amekwisha kuongoka. "Sema nimeanza," aliniambia. Basi nasema ameanza.

Mama ni Mkatoliki tangu utoto wake. Sisi watoto sote tulibatizwa tukiwa wachanga, na Baba hakupinga hata mara moja. Yeye ni kifungua mimba wa babu, na babu alishika dini ya jadi mpaka alipofariki. Wadogo zake Baba walikwenda misheni wakabatizwa, lakini yeye aliambiwa kwamba nyumbani lazima abaki mtu wa kutunza mambo ya wazee. Alikubali akiwa kijana mdogo, na kwake ahadi aliyompa baba yake si kitu cha kuchezea. Kwa hiyo kila Dominika alitusindikiza hadi kanisani, kisha akabaki nje chini ya mwembe pamoja na baiskeli, akitusubiri. Mahubiri ya makatekista na mapadre waliopita pale ameyasikia kupitia dirishani. Nyimbo za zamani anazijua kuliko mimi.

Jambo zito lilikuwa la Mama. Ndoa yao ilifungwa kimila, mahari ikatolewa, wazee wakabariki, lakini kanisani hawakufika. Kwa sababu hiyo Mama hakupokea Komunyo kwa miaka yote ninayoikumbuka. Wakati wa Komunyo alibaki amekaa, ameinamisha kichwa, nasi watoto tukipita mbele yake kwenda kupokea. Baada ya Komunyo yangu ya Kwanza nilimuuliza kwa nini yeye haendi. Akanijibu kwamba kila mtu ana siku yake.

Likizo ya mwaka jana tulikuwa shambani mimi na Baba, tunapunguzia migomba majani. Akasimama, akafuta panga, akaniuliza: "Frateri, mtu akiingia dini kwa ajili ya mke wake na mtoto wake, Mungu atamhesabu?" Nyumbani Baba huniita kwa jina langu. Akiniita Frateri najua ameulizia jambo ambalo amelilalia usiku mwingi.

Katika falsafa tunajifunza kwamba tendo la mwanadamu hupimwa pamoja na kusudi lake. Mtakatifu Thoma wa Akwino amelieleza hilo kwa utaratibu mzuri, na ungekuwa mtihani ningeujibu. Baba lakini hakuwa ananitahini. Alikuwa anaogopa kwamba moyo wake umechanganyika, na kwamba Mungu atauona mchanganyiko huo na kumrudisha nje.

Nilimsimulia juu ya Mtakatifu Augustino. Karibu na mwaka 400, shemasi mmoja wa Karthago aitwaye Deogratias alimwandikia akilalamika kwamba kazi ya kuwafundisha wanaoanza inamchosha. Augustino akamjibu kwa kitabu kizima. Humo anamshauri aanze kwa kumuuliza mgeni kilichomleta. Akiwa na sababu nzuri, fundisho lianzie hapo hapo. Hata mtu aliyekuja kwa kutaka kuwapendeza watu asikatiwe tamaa, kwa kuwa mara nyingi huruma ya Mungu humfikia akiwa anasikiliza, naye anaanza kulitaka kweli lile ambalo alikuja kwa kujifanya tu. Nikamwambia pia kwamba baba yake Augustino, Patrisi, alikuwa mtu mzima mwenye familia alipoingia ukatekumeni, akabatizwa mwishoni mwa maisha yake. Sisi tunamkumbuka Mtakatifu Monika kwa machozi aliyomlilia mwanawe, tunasahau kwamba alimwombea na mumewe.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyo mzee alikuwa na mke mvumilivu," akaendelea kukata majani.

Wiki iliyofuata alikubali tuende kwa Padre Paroko. Pale lilitokea jambo ambalo sikulitegemea. Baba alieleza habari ya Mama na Komunyo, akasema yuko tayari kubatizwa ili mke wake arudi mezani. Paroko akamshukuru, kisha akayatenganisha mambo mawili. Alieleza kwamba Mkatoliki anaweza kufunga ndoa halali na mtu asiyebatizwa. Sheria za Kanisa zinaitaja hali hiyo kuwa kipingamizi, katika kanuni ya 1086, lakini mamlaka ya Jimbo yanaweza kukiondoa kwa ruhusa. Mkatoliki anaahidi kulinda imani yake na kufanya awezavyo watoto wabatizwe, na mwenzake anafahamishwa ahadi hizo. Mambo hayo nyumbani kwetu yalikuwa yamekwisha kutendeka kabla hayajaandikwa.

"Kwa hiyo si lazima nibatizwe?" Baba akauliza.

"Kwa ajili ya ndoa, si lazima," Paroko akamjibu. "Ubatizo uombe siku utakayoutaka mwenyewe."

Ndugu msomaji, nakiri kwamba njiani nilisikitika kimoyomoyo. Nilikuwa nimekwisha kuwaza Mkesha wa Pasaka, Baba na Mama mbele ya altare, nami nimeshika mshumaa. Sasa sababu iliyokuwa ikimsukuma Baba ilikuwa imeondolewa. Karatasi za ndoa zikaanza safari yake, na Baba akanyamaza. Wiki mbili nzima hakutaja neno dini. Mama hakumuuliza, na mimi nikajizuia. Nilielewa baadaye jinsi Paroko alivyotenda kwa hekima. Kanuni ya 865 inadai kwamba mtu mzima awe ameonyesha nia yake ya kubatizwa. Nia haiwezi kuonekana vizuri ikiwa mke wa mtu amewekwa rehani.

Jioni moja jumuiya ilikuwa inasali rozari nyumbani kwa jirani. Baba alikuja kama kawaida yake, akakaa karibu na mlango. Tulipomaliza, watu wakiwa wanatafuta kandambili zao gizani, nilimsikia akimuuliza mwalimu katekista: "Mwalimu, sisi wazee tunafundishwa siku gani?"

Huo ndio mwanzo wenyewe. Lakini kuanza hakukuondoa hofu. Hofu yake ya kwanza ilikuwa kusoma. Baba anasoma polepole, na alidhani ataketi pamoja na watoto wa darasa la nne wenye kumcheka. Mwalimu akampangia siku pamoja na watu wazima wengine watatu, na mambo mengi wanayazungumza kwa mdomo.

Hofu ya pili ilikuwa kufa kabla ya kumaliza. Hilo nililijibu kwa furaha, maana Kanisa halijamwacha mkatekumeni barazani. Katekisimu, namba 1259, inafundisha kwamba mkatekumeni akifa kabla ya kubatizwa, hamu yake ya Ubatizo pamoja na toba na upendo vinamhakikishia wokovu ambao hakuweza kuupokea kwa sakramenti. Na kwa habari ya mazishi, kanuni ya 1183 inawahesabu wakatekumeni pamoja na waamini. Baba akasema, "Basi hata kuanza kuna faida."

Hofu ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote, nayo ilimhusu babu. "Nilimwahidi," alisema. "Nikienda upande huu, yeye atakuwa upande gani?" Nilimweleza kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Lumen Gentium namba 16, ulifundisha mwaka 1964 kwamba wasioijua Injili pasipo kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yao, wanaweza kuupata wokovu. Nikamkumbusha kwamba katika Sala ya Ekaristi ya Nne padre huwaombea na wafu ambao imani yao anaijua Mungu peke yake. Sala hiyo ameisikia dirishani mara nyingi bila kujua kwamba inamgusa baba yake. Hakunijibu siku ile. Kesho yake aliniuliza kama mkatekumeni anaruhusiwa kusali Baba Yetu kaburini kwa mtu ambaye hakuwa Mkristo. Nikamwambia anaruhusiwa. Alikwenda peke yake, na aliyoyasema huko ni yake.

Wakati mwingine tunadhani kuingia Kanisani ukubwani ni jambo geni kwetu. Historia yetu inasema kinyume. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliwaagiza wamisionari wake wawalee watu kwa miaka minne kabla ya kuwabatiza. Wamisionari hao walifika Buganda mwaka 1879, na mwaka 1892 wakaanza misheni ya Kashozi huko Bukoba. Wakristo wa kwanza walikuwa wakatekumeni waliojua hofu. Mtakatifu Kizito alibatizwa na Mtakatifu Karoli Lwanga usiku, mwezi Mei 1886, hukumu ikiwa imekwisha kuwakaribia. Hapa kwetu Kagera, Laurean Rugambwa alibatizwa akiwa na miaka minane pamoja na wazazi wake. Mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Yaani kardinali wetu alitoka katika nyumba ambayo baba na mama walijifunza Nasadiki ukubwani. Baba alilipenda jambo hilo sana, akanionya nisianze kujipimia kofia nyekundu.

Utaratibu anaoufuata Baba ni ule uliotolewa mwaka 1972, baada ya Mtaguso kuagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe. Una hatua zake: kupokelewa katika ukatekumeni, kuteuliwa mwanzoni mwa Kwaresima, halafu Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi katika Mkesha wa Pasaka. Nilipokuwa nausoma, nilisimama kwenye hatua ya kwanza. Ibada ile inaanzia nje. Padre anawatokea wanaoomba pale mlangoni, anawauliza majina yao na wanaomba nini kwa Kanisa, anawatia ishara ya msalaba, ndipo anawakaribisha ndani wasikilize Neno. Nimeisoma mara nyingi nikimfikiria mtu aliyesimama chini ya mwembe miaka ishirini na zaidi. Kanisa lilikuwa na ibada ya kumfuata hapo hapo alipo.

Ibada hiyo kwa Baba bado haijafika. Mwalimu anasema hakuna haraka, na Baba anakubaliana naye. Ruhusa ya ndoa imekwisha kutolewa. Ndoa ikabarikiwa asubuhi moja ya siku ya kazi, mbele ya mashahidi wawili, bila sherehe, na Mama akapokea Komunyo. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi seminarini. Mdogo wangu alinipigia simu, akasema Mama alirudi kwenye benchi, Baba akampisha apite, halafu wote wawili wakakaa kimya mpaka mwisho wa Misa. Tangu siku hiyo Baba anakaa ndani, ingawa bado ni karibu na mlango.

Kwa ninyi waamini wa vigango na parokia, nina maombi machache. Mkimwona mtu mzima anaanza mafundisho, msimuulize siku ya kwanza kwa nini amechelewa, maana pengine alikuwa anatunza ahadi. Mpangieni muda wake na mahali pake. Mtafutieni msimamizi mapema, mtu wa karibu anayeweza kutembea naye. Baba alitaka niwe mimi, lakini Paroko alimshauri achague mtu wanayeonana kila siku, naye akamchagua jirani yetu, fundi baiskeli. Tena msiiachie kazi hii mikononi mwa katekista peke yake. Jimbo letu lililelewa na Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza tangu mwaka 1969 hadi 1996 na kuzihimiza Jumuiya Ndogo Ndogo. Baba yangu hakuuliza swali lake ofisini. Aliliuliza katika jumuiya, watu wakitafuta kandambili.

Kwenu mafrateri wenzangu: tunasoma vitabu vingi juu ya sababu za kusadiki, na ni vizuri tuvisome. Likizo ikifika, tukae pia na mtu mmoja anayeanza, tusikilize maswali yake kabla ya kumpa majibu yetu. Baba amenituma niwaombe sala. Amefika kwenye Amri ya Nne, na anasema hiyo amepanga kukaa nayo kidogo.