Manahodha Wengi na Kijiko cha Dawa

Ndugu msomaji, kalamu hii imezoea kukueleza habari za watu wengine. Leo nakuomba radhi nieleze ya nyumbani kwangu, maana lililotupata laweza kuwa linatendeka chini ya paa lako hivi sasa unaposoma gazeti hili, nawe usijue, kama nasi tulivyokuwa hatujui.

Binti yetu ana umri wa mwaka mmoja na nusu. Hivi karibuni tulikwenda naye Lindi kumsalimu bibi yake, na tuliporejea Dar es Salaam tulirejea na bibi mwenyewe, mama mzazi wa mke wangu. Siku ya kumi na mbili baada ya safari mtoto aliamka mwili ukichemka. Hatukufadhaika. Ni mzazi gani asiyeijua homa? Kabatini palikuwa na chupa ya parasetamoli ya maji, ile ambayo wengi wetu huiita Panadol hata kama chupani limeandikwa jina jingine kabisa. Mtoto akapewa, homa ikashuka, akacheza. Usiku ikapanda, akapewa tena, ikashuka. Tukalala tukidhani tumekwisha shinda.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Saa 8 mchana mke wangu alimpa mtoto mililita 5 kwa kile kifuniko cha kupimia kilichokuja na chupa, kisha akaondoka kwenda kazini. Wakati huo bibi alikuwa uani anafua. Hakuona wala hakuambiwa. Saa 10 jioni bibi alimgusa mjukuu wake kwenye paji la uso, akaona bado pana joto. Kifuniko hakikuonekana. Akachukua kijiko cha chakula, akakijaza, akamnywesha. Saa 12 na nusu nikafika mimi kutoka kazini, nikiwa nimenunua chupa mpya katika duka la dawa lililo karibu na kituo cha daladala. Nilimkuta bibi yuko kwenye msala, mtoto amelala juu ya mkeka, shavu limemwiva. Sikungoja bibi atoe salamu ya mwisho. Nilifungua chupa yangu mpya, nikapima mililita 5 nilizozizoea, nikampa. Nilijiona baba mwema.

Saa 2 usiku mke wangu aliporudi alimkuta mwanawe amelegea, amekataa uji, na ametapika mara moja. Tukaita bajaji, tukaenda kituo cha afya watu wazima watatu na mtoto mmoja.

SWALI LA MUUGUZI

Muuguzi aliyetupokea alimpima mtoto uzito: kilo 10. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa na hila yoyote: "Amepewa dawa gani, kiasi gani, na saa ngapi?"

Tulijibu sote kwa pamoja, na kila mmoja alijibu lake. Hapo tukatazamana. Unajua, msomaji, ilivyo vigumu kwa mkwe kumtazama mama mkwe usoni mahali kama pale; nami sikuwa na haki ya kumtazama mtu yeyote kwa lawama. Muuguzi alichukua kalamu, akaanza kujumlisha pembeni mwa kadi ya kliniki ya mtoto.

Chupa ya kwanza ilikuwa na miligramu 120 za parasetamoli katika kila mililita 5. Basi mkono wa mama ulitoa miligramu 120. Kijiko cha chakula hubeba kama mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai. Mkono wa bibi ulitoa miligramu 360. Na chupa yangu mpya? Muuguzi aliniomba niitoe mfukoni. Ilikuwa imeandikwa miligramu 250 katika kila mililita 5, zaidi ya maradufu ya ile ya zamani. Mimi ninayekula mshahara kwa kusoma na kuandika sikuwa nimeisoma.

Jumla ilikuwa miligramu 730 katika muda wa saa nne na nusu. Mtoto hupimiwa dawa hii kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, akiachiwa saa 4 hadi 6 kabla ya kupewa tena, na isizidi mara nne katika saa 24. Kwa kilo 10 za binti yetu, kipimo cha mara moja kisingepasa kuzidi miligramu 150, na cha mchana na usiku mzima kisingepasa kuzidi 600. Sisi tulikuwa tumevuka kipimo cha siku nzima kabla ya kula chakula cha usiku.

Daktari wa zamu alitutuliza: kiasi kile kilikuwa kimepita mpaka lakini hakijafikia kuunguza ini. Akaagiza mtoto asipewe tena parasetamoli hadi kesho yake, na akae chini ya macho ya wauguzi kwa muda. Lakini akatueleza jambo ambalo sijalisahau. Parasetamoli iliyozidi sana huharibu ini kimyakimya. Siku ya kwanza mgonjwa aweza kuonekana mzima, hata akacheka, na madhara yakajitokeza baada ya siku moja au mbili. Dawa ya kuizimua ipo, nayo hufaa zaidi ikianza kutolewa ndani ya saa 8 tangu kumezwa. Kwa hiyo anayegundua kwamba mtoto amezidishiwa asingoje kuona dalili. Aende hospitali saa ile ile, na chupa aende nayo.

Nilijiuliza: kama kijiko kile cha chakula kingalirudiwa mara tatu zaidi, usiku ule tungalikuwa tunazungumza nini?

KENGELE TULIYOIFUNGA KITAMBAA

Mambo hayakuishia hapo. Muuguzi alimchoma mtoto kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya dakika chache mistari miwili ikajitokeza. Malaria! Alikuwa nayo kwa siku mbili nzima, pengine ameibeba kutoka safarini, nasi tulikuwa tunampongeza kila homa iliposhuka.

Homa si ugonjwa. Homa ni kengele inayotangaza kwamba kuna ugonjwa. Parasetamoli hupunguza joto na maumivu, lakini haiui vijidudu vya malaria, wala haitibu nimonia. Sisi tulikuwa tumeifunga kengele kitambaa ili tulale vizuri, huku mwizi akiendelea na kazi yake ndani ya nyumba.

Bibi alisema kwa unyonge kwamba zamani yeye angalimvunjia nusu kidonge cha klorokwini na nusu ya aspirini, na watoto wake wote walikua. Hakusema uongo. Wengi wetu tulio na umri wa miaka thelathini na ushei twakumbuka kukimbizwa kuzunguka nyumba kwa sababu ya uchungu wa klorokwini, na mwili kuwasha usiku kucha. Lakini dawa nazo zina zama zake. Vijidudu viliizoea klorokwini hata Tanzania ikaacha kuitegemea mwaka 2001, ikaja SP. Nayo ikazoeleka, ikafuatiwa na dawa mseto mwaka 2006. Na aspirini, tangu miaka ya 1980 matabibu wametambua kwamba kwa mtoto mwenye homa ya virusi yaweza kuambatana na ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Kwa hiyo haifai kupewa watoto isipokuwa kwa agizo la daktari. Alilolijua bibi lilikuwa elimu ya wakati wake. Kosa ni letu sisi vijana ambao hatukumweleza ya wakati huu.

KUTWA NA KUCHA

Mtoto alipewa kidonge cha kwanza cha mseto pale pale, saa 3 usiku. Muuguzi akatuambia cha pili apewe baada ya saa 8, yaani saa 11 alfajiri, kisha asubuhi na jioni hadi vidonge sita viishe, apewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo ili dawa iingie vizuri mwilini.

Nikatambua jinsi lugha yetu wenyewe inavyoweza kutupoteza. Mara ngapi umeandikiwa kwenye bahasha ya dawa "1 x 3", na muuzaji akakusomea "moja kutwa mara tatu"? Kutwa, kwa Kiswahili chetu, ni mchana, toka jua kuchomoza hadi kutua. Usiku huitwa kucha. Basi mtu humeza kidonge kwa chai ya asubuhi, kingine kwa chakula cha mchana, cha tatu magharibi, halafu mwili hukaa saa 12 bila dawa. Ikiwa dawa ni ya kila baada ya saa 8, basi ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Usiondoke dirishani kabla ya kuuliza: ni kila baada ya saa ngapi? Kabla ya chakula au baada yake? Kwa siku ngapi? Muuzaji akikunja uso, na aukunje. Dawa utaimeza wewe.

Tena mtoto alipopata nafuu siku ya pili, shetani wa akiba alinijia. Vidonge viwili vilikuwa vimebaki. Mbona tusiviweke kwa siku nyingine? Jirani yetu ndivyo anavyofanya. Ana kopo la vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwa kila aliyeugua nyumbani mwake, na mtaa mzima humwendea. Ni mtu mkarimu sana, na ukarimu wake una hatari. Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba wako watakaotumia dawa hiyo kwa kipimo pungufu, na vijidudu vitajifunza kuistahimili. Leo matabibu wanayaona hayo. Vidonge vilivyobaki kabatini ni tiba ambayo haikumalizwa, na humtibu jirani vibaya kama ilivyomtibu mwenyewe vibaya. Tulivitoa vile viwili vyote, kila kimoja kwa saa yake.

DAFTARI KABATINI

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Nyumbani kwetu palikuwa na manahodha watatu, na kila mmoja alishika usukani kwa mapenzi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mzembe. Kilichokosekana ni hesabu, na mapenzi yasiyo na hesabu kidogo tu yamnyweshe mtoto sumu.

Basi hivi ndivyo tulivyofanya, nami nakusihi ufanye vivyo hivyo. Tulinunua daftari dogo, tukalifunga kwa uzi na kalamu ya risasi ndani ya mlango wa kabati. Kila atoaye dawa huandika mambo manne: jina la dawa, kiasi, saa, na nani aliyetoa. Hatutumii tena vijiko vya jikoni. Tunapima kwa kifuniko kilichokuja na chupa ile ile, au kwa bomba lisilo na sindano. Kabla ya kutoa dawa mbili pamoja tunasoma ubavuni ni za nini hasa, maana dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake, na mtu mzima naye ana mpaka: vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, wala si zaidi. Dawa ya unga iliyochanganywa na maji hatuiweki hadi msimu ujao; nyingi hazipiti wiki moja au mbili baada ya kuchanganywa. Dawa zote zimepanda juu, mbali na mikono midogo, kila moja katika chombo chake, na mafuta ya taa hayaingii tena kwenye chupa ya soda.

Na mtoto akishika homa tunakwenda apimwe. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akipumua kwa shida au akiwa mzito wa kuamka, hatufungui hata kabati. Tunakimbia hospitali.

Ufunguo wa kabati tulimkabidhi bibi. Mke wangu ndiye aliyetoa wazo hilo, nami niliona busara yake: bibi hushinda nyumbani, ana miwani yake, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Jumapili iliyopita nilirudi nikamkuta binti yetu anapiga chafya, makamasi yanamtiririka. Mkono wangu ukaenda kabatini wenyewe, kwa mazoea. Bibi alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Baba," aliniambia, "soma daftari kwanza."