Mchele wa Kilombero: Jina, Daraja na Bei

Ndugu msomaji, huenda wali utakaowekwa mezani kwako Jumapili ya leo umetokana na mchele uliosifiwa sana dukani. Muuzaji alisema ni wa Kilombero, au wa Kyela, au wa Mbeya, na kwa ajili ya jina hilo akapandisha bei ya kilo. Cheti hakukuonyesha, wala alama yoyote. Tufunge safari basi hadi kwenye bonde ambalo jina lake limekuwa bidhaa, tuone thamani hiyo hutoka wapi na huishia mfukoni mwa nani.

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, ukifika Mikumi utakunja kushoto. Barabara itakushusha hadi Kidatu, penye mashamba ya miwa na viwanda vya sukari kando ya mto Ruaha Mkuu. Kuanzia hapo, mkono wa kulia utasindikizwa na milima ya Udzungwa, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na mkono wa kushoto ardhi itazidi kutandaa. Utapita Mang'ula na Kiberege, huku reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikikatiza bonde hilo hilo kuelekea Mlimba. Hatimaye utaingia Ifakara, mji wa hospitali, wa watafiti wa malaria na, zaidi ya yote, wa mpunga.

Nje kidogo ya mji unapita mto Kilombero. Zamani wasafiri wa Mahenge na Malinyi waliuvuka kwa kivuko. Sasa wanapita juu ya daraja lenye urefu wa mita 384. Masika yakishika, mto huo huvimba na kuifunika mbuga. Maji yakipungua huacha rutuba ambayo Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wameitegemea kwa vizazi vingi. Ni ardhi oevu iliyotambuliwa kimataifa mwaka 2002, na humo mnyama sheshe na mkulima wanagombea nafasi. Mpunga ukianza kukomaa, familia huhamia shambani, wakakaa katika madungu kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua kuzama. Jasho hilo, msomaji, halionekani katika punje.

Nenda sasa kwenye mashine za kukoboa, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Magunia yamepangwa ukutani, pumba zinapepea hewani, na watu wanabishana. Wanabishana juu ya mambo matatu.

La kwanza ni jina. Mpunga aina ya Supa ndio unaosifiwa kwa harufu, lakini mmea wake ni mrefu, huanguka upesi, na mavuno yake si mengi. Watafiti wa kilimo walitoa mbegu ya TXD 306, ambayo wakulima wanaiita Saro. Hiyo huzaa zaidi na hunukia kiasi. Aliyelima Supa anadai bei ya juu. Aliyelima Saro anauliza kwa nini jasho lake lishushwe daraja. Na mlanguzi hununua yote mawili, akayachanganya, kisha akauza mchanganyiko kwa jina la Supa. Mchele ukifika mjini, jina hubadilika tena kwa kufuata sifa inayovuma katika msimu huo. Jina lenyewe limetembea mbali. Huko Malawi, hasa Karonga, kando ya Ziwa Nyasa, kuna mchele unaopendwa sana uitwao Kilombero, na umelimwa huko huko. Hakuna ubaya mbegu kusafiri. Ubaya ni jina kupanda bei ilhali mwenye bonde habakiziwi kitu.

La pili ni kipimo. Mkulima huuza kwa debe na gunia, na gunia la lumbesa hushonewa kilemba juu yake. Sheria ya vipimo inakataza ufungashaji huo, lakini mwenye deni la ada ya shule hana ubavu wa kukataa. Mnunuzi yule yule, akifika mjini, huuza kwa mizani, gramu kwa gramu. Kwa hiyo bidhaa moja ina vipimo viwili, na tofauti iliyo kati yake ndiyo faida isiyotolewa jasho.

La tatu ni wakati. Mavuno huanza kati ya Mei na Julai, na ndipo bei huwa chini kabisa. Wapo wanaouza mpunga ungali shambani ili wapate fedha ya palizi. Mwenye ghala hungoja. Ifikapo Desemba huanza kuenezwa habari kwamba mchele umeadimika, na kila anayesikia hukimbilia kununua, jambo ambalo huufanya uadimike kweli. Lakini uvumi nao una hasara zake. Mwaka 2013, baada ya mchele wa nje kuruhusiwa kuingia bila ushuru, bei ilianguka, na waliokuwa wameweka akiba kwa kutarajia neema, wakulima pamoja nao, waliumia.

Wazee wa Ifakara watakukumbusha enzi za Shirika la Usagishaji la Taifa, ambapo bei ilitangazwa na serikali na mabishano yalikuwa machache. Lakini watakumbuka pia kwamba vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na kwamba malipo mara nyingi yalichelewa huku mpunga ukivushwa usiku kwa njia za panya. Bei iliyopangwa bila mkulima haikumtosha. Na bei inayopangwa na uvumi haimtoshi pia.

Usidhani jambo hili ni la Kilombero peke yake. Nchini Marekani wapo watu wanaokusanya magazeti ya katuni. Tangu mwaka 2000 kuna kampuni inayoyakagua, ikayapa alama hadi 10, kisha ikayafunga ndani ya kasha la plastiki. Gazeti la mwaka 1938 lililouzwa senti 10 lilinunuliwa mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 3.2, likiwa na alama 9.0. Wakusanyaji nao hugombana: je, kinacholipiwa ni gazeti, au ni namba iliyo juu ya kasha? Hata hivyo, kasha likifunguliwa cheo hupotea, kwa hiyo halisomwi. Mchele wetu una heri. Lazima upikwe, na chungu hakidanganyiki.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri kitajiuzaje ikiwa mnunuzi hakitambui? Basi, mama au baba wa nyumbani, usinunue kwa masikio. Mimina mchele kiganjani: tazama chenga ni ngapi, chuya ni ngapi, na punje zina urefu mmoja au zimechanganywa. Unuse. Uliza ni wa msimu gani, maana mchele mpya hushikana na wa zamani huchambuka. Dai mizani. Kisha nunua kidogo, upike, ndipo uamue kama jina lilistahili fedha yako.

Na kwa ndugu zetu wa bondeni, dawa ni ile waliyoijua tangu zamani: kuwa na sauti moja. Wakulima wakiwa na ghala lao, mizani yao na stakabadhi zao, na wakitenga Supa mbali na Saro kabla ya kukoboa, daraja la mchele litawekwa na wao wenyewe hapo Ifakara, badala ya kuwekwa na mtu aliyeketi nyuma ya duka mjini. Siku hiyo, shilingi unazoongeza kwa ajili ya jina la Kilombero zitavuka mto na kumfikia aliyekesha dunguni.